Yogati gani isiyo na sukari kwa mtoto wa miezi 7?

MamaImran_Jinja

Habari zenu wazazi wa humu, natumaini wote mko salama. Mimi niko Walukuba hapa Jinja, mtoto wangu ana miezi 7 na alianza kula alipofika 6, kunyonya bado ananyonya vizuri tu na sina mpango wa kumwachisha. Anakula matoke ya kuponda, uji wa ulezi, malenge, kitobero (ule mchanganyiko wa vyakula vya mtoto vilivyopikwa pamoja) pia namtengenezea nikipata mtu wa kunishikia. Sasa nataka nianze kumpa vitu vya maziwa kidogo kidogo kwa sababu nimerudi sokoni na mchana anabaki na shangazi yake, lakini kila nikiingia supamaketi nachanganyikiwa. Yogati ya stroberi, ya vanila, ya embe, ukionja ni tamu kama soda. Juzi nikaona moja wameandika haijaongezwa sukari, nikafurahi, kugeuza nyuma kwenye lile jedwali nakuta sukari gramu 5. Sasa hiyo 5 imetoka wapi kama hawakuongeza? Wananidanganya ama ni mimi sielewi?

Na bongo je, yale maziwa ya kugandisha, mtoto wa umri huu anaruhusiwa? Na maziwa ya ng'ombe yenyewe, jirani ananiambia nimwekee kwenye chupa anywe mchana, shangazi mtu naye anasema bila kijiko cha sukari mtoto hatayagusa. Mimi sitaki azoee sukari mapema, kwetu kisukari kipo, baba yangu anacho na dada zake wawili. Naombeni mnisaidie, hasa mnaojua mambo ya afya.

Musawo_Kasese

Salama mama Imran. Hiyo gramu 5 usiiogope. Maziwa yote yana sukari yake ya asili inaitwa laktosi, ya ng'ombe ina kama gramu 4.5 mpaka 5 kwenye kila gramu 100, na yogati ya maziwa matupu inabaki hapo hapo ama inashuka kidogo kwa sababu wale bakteria wanakula sehemu ya laktosi na ndio wanaleta ule uchachu. Hata maziwa yako wewe yana laktosi, tena nyingi kuliko ya ng'ombe, karibu gramu 7 kwa mililita 100, kwa hiyo Imran hajaanza leo kukutana na sukari ya maziwa na hiyo haina shida kwake. Tunayoikataa ni ile ya kumwagwa kiwandani ama nyumbani. Mwongozo wa WHO wa 2023 kuhusu kulisha watoto wa miezi 6 mpaka 23 unasema vyakula vyenye sukari nyingi na chumvi nyingi mtoto asipewe, na vinywaji vilivyotiwa sukari asipewe.

Kuhusu chupa ya mchana, hapo nitakuwa mkali kidogo unisamehe. Mtoto anayenyonya kama wako hahitaji maziwa ya ng'ombe kama kinywaji kabla ya kufika mwaka. Ukiyachanganya kidogo kwenye uji ama ukapondea viazi hakuna neno, na yogati ya kijiko hakuna neno, tatizo ni kuyafanya ndiyo kinywaji chake cha kutwa. Yana madini ya chuma kidogo sana, yanajaza tumbo mtoto akakataa chakula chenye chuma, na kwa watoto wadogo yanaweza kufanya utumbo utoe damu kidogo kidogo ambayo huioni kwa macho, baadaye unaletewa mtoto mweupe viganja hana damu na mama anashangaa, mbona anakunywa maziwa kila siku. Kama unaweza kukamua asubuhi kabla hujatoka, maziwa yako yanakaa masaa manne nje ya friji kama chumba si cha joto kali, shangazi ampe kwa kikombe kidogo kilichooshwa vizuri. Chupa na chuchu zake ni kazi kubwa kuzisafisha na kuhara kunaanzia hapo mara nyingi.

Kwa mtoto ambaye hanyonyi kabisa hesabu ni nyingine, mwenye mtoto wa hivyo aende kituo cha afya wamwangalie na kumpangia.

Baba_Mapacha

Mimi nafanya kazi ya kupanga bidhaa kwenye supamaketi huku Kampala na nyumbani nina mapacha wa mwaka na nusu, kwa hiyo hizi lebo nazisoma kazini na nazisoma nyumbani. Nakupa njia ninayoitumia. Usianze na mbele ya pakiti, mbele ni matangazo. Geuza. Soma viungo kwanza, vinapangwa kutoka kilicho kingi mpaka kilicho kidogo, yogati ya mtoto inatakiwa isome maziwa na bakteria wa kuchachusha, basi, hayo yanatosha. Ukikuta cha pili ni sukari, rudisha. Na sukari haiji na jina moja, kuna sukrosi, glukosi, fruktosi, dekstrosi, sirapu ya mahindi, juisi iliyokolezwa, asali, zote ni kitu kile kile, na asali kwa mtoto chini ya mwaka ni hatari kabisa kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu hata ikiwa kidogo tu.

Halafu nenda kwenye jedwali, angalia safu ya gramu 100, usiangalie safu ya kikombe kimoja kwa sababu kila kampuni ina kikombe chake na hapo ndipo watu wanapotea. Toa 5. Kama wameandika 12 basi 7 ni za kuongeza, na kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4, kwa hiyo kikopo cha gramu 150 hapo kina karibu vijiko viwili na nusu ambavyo ng'ombe hakuvitoa. Pakiti nyingine haziandiki sukari, zinaandika kabohaidreti peke yake, bado utajua, yogati tupu inakaa hapo hapo kwenye 5 hivi, ukiona 14 ama 15 umeshapata jibu.

Jambo lingine ambalo wazazi wengi hawalijui, msichukue ile iliyopunguzwa mafuta mkidhani ndiyo ya afya. Mtoto chini ya miaka miwili anataka mafuta yote ya maziwa, ubongo unakua. Na zile zilizopunguzwa mafuta mara nyingi wanaongeza utamu ili zisiwe na ladha ya maji. Angalia pia alama ya UNBS, lile shirika la viwango la Uganda, na tarehe ya mwisho, na ukute friji ya duka inafanya kazi kweli, shika pakiti kwa mkono usikie baridi.

Mke_wa_Makenke

Mama Imran mimi niko Mbarara, huku bongo ndiyo kila kitu, kwa hiyo kwenye hilo swali niachieni mimi. Bongo yenyewe haina sukari, ni maziwa yaliyoganda, na mtoto wa miezi 7 anaweza kupewa, LAKINI inategemea imetengenezwaje. Ile ya kienyeji maziwa mabichi yanaachwa yagande yenyewe, hayajaona moto, na watu wanaamini ule uchachu unaua kila kitu. Hauui kila kitu. Bruselosi inabaki, kifua kikuu cha ng'ombe nacho kinaweza kubaki, na huku kwetu watu wanaumwa bruselosi kila mwaka, homa zinarudi na viungo vinauma miezi. Mtu mzima akiamua kunywa ni yeye, mtoto hapana. Ukinunua bongo muulize muuzaji kama maziwa yalichemshwa, akisitasita acha.

Bora utengeneze mwenyewe, si kazi. Chukua maziwa ya kawaida yenye mafuta yake, lita moja ama nusu, chemsha mpaka yapande, punguza moto uyaache yachemke kidogo huku unakoroga. Epua, funika, yaache yapoe mpaka yabaki vuguvugu, ukidondosha tone kwenye mkono usikie joto bila kuungua, wenye kipimajoto ni kama digrii 43. Yakiwa moto sana utawaua bakteria, yakiwa yamepoa sana hayagandi. Tia vijiko viwili vya yogati tupu ya dukani iwe mbegu, hakikisha wameandika bakteria wako hai, maana nyingine huwa wanazipasha moto tena baada ya kuganda na hizo hazizai kitu. Koroga taratibu, mimina kwenye flaski yenye mdomo mpana iliyosuuzwa na maji ya moto, ama sufuria yenye mfuniko uifunge blanketi. Usitikise, usifungue kuchungulia. Ukiweka saa mbili usiku asubuhi umeipata. Ukitaka nzito kama ya dukani ichuje kwa kitambaa safi, yale maji ya chini tia kwenye uji.

Weka kando vijiko viwili ndio mbegu ya safari nyingine. Mimi mbegu nairudia mara chache halafu nanunua mpya kwa sababu inachoka, inaanza kuwa na utelezi.

Dereva_Malaba

Jamani mimi naheshimu wasawo, watu wa afya, lakini naona mnamtisha huyu dada bure. Sisi tulikua tunakunywa uji wa sukari na chai ya maziwa tangu tunatambaa na tuko hapa tunaendesha magari. Mtoto anataka nguvu, sukari inatoa nguvu. Mtoto akikataa hiyo yogati chachu atashinda na njaa mama yuko sokoni, hapo tumefanya nini? Kijiko kimoja hakiui.

Bibi_Bombo

Mwanangu Dereva, hapo kwenye njaa sikulaumu, mzazi yeyote anaogopa mtoto kulala njaa. Lakini mimi nimelea watoto na sasa nalea wajukuu na nimeona meno. Mjukuu wangu mmoja alikuwa analazwa na chupa ya maziwa yenye sukari kila usiku huko walikokuwa wanakaa, alipoletwa kwangu hajafika miaka mitatu meno ya mbele yote yameliwa yamekuwa kahawia, analia akinywa maji. Wakayang'oa. Mtoto mdogo vile, na meno ya kubadilisha hayaji mpaka afike miaka 6 hivi, muda wote huo anatafuna kwa shida na wenzake wanamcheka. Nilikuwa namshika pale anang'olewa na sitaki mama yeyote humu ashike mtoto hivyo.

Mama Imran, wifi yako usigombane naye. Mwite jikoni, muonjeshe, muoneshe kwenye pakiti kama huyo baba alivyoeleza. Mwambie mtoto hajui kwamba yogati inatakiwa iwe tamu, ni sisi tunajua. Yeye kwake kila kitu ni kipya.

Musawo_Kasese

Dereva, swali lako ni zuri na nalijibu kwa heshima. Mtoto anahitaji nguvu, kweli, tumbo lake ni dogo na anakua haraka. Lakini gramu moja ya sukari inatoa kalori 4 na gramu moja ya mafuta inatoa 9. Kijiko cha samli kwenye uji, karanga za kusaga zilizolainishwa vizuri, ovakado, yogati yenye mafuta yake, hivyo vinampa nguvu zaidi ya sukari na vinakuja na vitu vingine ndani. Sukari inakuja peke yake.

Na kwa mama Imran ambaye kisukari kipo kwao, kuna utafiti ulitoka 2024 kwenye jarida la Science, nauleta kwa sababu unagusa hasa jambo lake. Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili sukari ilikuwa ya mgao mpaka Septemba 1953, mgao ulipoisha watu wakaanza kula karibu mara mbili ya walivyokuwa wanakula. Watafiti wakafuatilia watu waliozaliwa kabla na baada ya hapo mpaka wakawa wazee. Wale ambao siku zao 1,000 za kwanza, yaani kuanzia tumboni mpaka miaka miwili, ziliangukia wakati wa mgao, hatari ya kisukari cha ukubwani ilikuwa chini kwa kama asilimia 35 na presha asilimia 20. Hawakukosa chakula, walikosa sukari nyingi tu. Kwa hiyo anachokifanya huyu mama sasa hivi, miezi hii, kina maana kubwa kwa Imran akiwa na miaka 50.

MamaImran_Jinja

Banange asanteni sana, nimesoma yote mara mbili na wifi nimemsomea pia, ile ya meno imemnyamazisha. Bado nina maswali. Hatuna friji, na umeme wenyewe mnaujua. Yogati ya nyumbani itakaa muda gani? Na nikimpa akakunja uso akatema, niendelee ama niache? Na wale uji wa kopo wa watoto wenye maziwa ndani, je? Na chizi?

Mke_wa_Makenke

Bila friji tengeneza kidogo, glasi mbili tu zinatosha wewe na yeye, na ile unayompa mtoto iwe ya siku hiyo hiyo. Toa sehemu yake kwa kijiko safi uweke kwenye bakuli lake, usimlishe kutoka kwenye chombo kikubwa kwa sababu mate yakiingia inaharibika haraka, alichobakiza usimwekee cha jioni. Inayobaki kunywa wewe, mama anayenyonyesha anahitaji. Wenye friji inakaa siku tatu nne bila shida. Chombo kiweke kwenye beseni la maji baridi pembeni kivulini na funika na kitambaa kibichi, inasaidia isichachuke kupita kiasi kufikia mchana.

Kukunja uso si kukataa. Anashangaa. Mpe ncha ya kijiko, akitema futa mdomo, jaribu tena siku nyingine bila kumlazimisha. Ladha mpya mtoto anaweza kuhitaji kuionja mara 8, 10, hata zaidi, ndipo aikubali, na wengi wetu tunakata tamaa kwenye ya tatu tunafungua kopo la sukari.

Baba_Mapacha

Uji wa kopo ni lebo ile ile, geuza usome. Aprili 2024 shirika la Public Eye la Uswisi pamoja na IBFAN, mtandao wa kimataifa unaofuatilia vyakula vya watoto wachanga, walitoa ripoti kwamba Cerelac na Nido za watoto wadogo zilizokuwa zinauzwa Afrika, Asia na Amerika Kusini nyingi zilikuwa na sukari ya kuongezwa wakati huko Uswisi na nchi kubwa za Ulaya bidhaa kama hizo za kampuni hiyo hiyo ya Nestlé hazikuwa nayo. Nestlé walijibu kwamba wanafuata sheria za kila nchi na wamekuwa wakipunguza. Mimi liliniuma kama mzazi, mtoto wa hapa na wa kule matumbo ni yale yale. Sisemi usinunue, nasema soma hiyo pakiti uliyoishika mkononi siku hiyo, maana zinabadilishwa, hata iliyokuwa nzuri mwaka jana soma tena. Ulezi wako wa nyumbani ukimalizia na yogati tupu hauna sukari ya kuongezwa.

Yale maziwa mazito ya kopo matamu ya kutia kwenye chai usimpe hata kulamba, karibu nusu ya lile kopo ni sukari.

Musawo_Kasese

Chizi sukari karibu hakuna, laktosi inaondoka na yale maji wakati wa kutengeneza, ila chumvi ipo nyingi, kwa hiyo kipande kidogo kilichokunwa mara moja moja, na iwe ya maziwa yaliyochemshwa kiwandani. Eshabwe, ule mchuzi wa samli, pia ina chumvi, angoje akue.

Siku ya kwanza ya yogati mpe asubuhi ukiwepo, si jioni, kijiko kimoja, umwangalie. Akitoka vipele vya kuwasha, akivimba midomo ama macho, akitapika mfululizo ama ukaona damu kwenye choo, acha vitu vya maziwa ya ng'ombe umpeleke kituo cha afya, na akihema kwa shida usingoje hata dakika, panda boda. Wengi hawapati chochote. Akiwa sawa endelea siku zinazofuata mpaka afike vijiko vitatu vinne vya chakula kwa siku, isizidi sana hapo kwa umri wake, kwa sababu nafasi kubwa ya tumbo nataka ibaki kwa mukene (dagaa) wa kusaga, yai, maharagwe, ini, hivyo ndivyo vyenye chuma. Na usimpe yogati badala ya kunyonya.

Akifika mwaka anaweza kunywa maziwa ya ng'ombe ya kuchemsha kwa kikombe, yasizidi nusu lita kwa siku. Chai hapana, hata ya maziwa, inazuia chuma kisiingie mwilini.

MamaImran_Jinja

Nimeelewa. Leo nachemsha, kesho Jumapili siendi sokoni nitampa asubuhi nikiwa naye. La mwisho kabisa, naweza kumchanganyia ndizi ili asishtuke na uchachu?

Mke_wa_Makenke

Bogoya iliyoiva, sawa kabisa, ponda kipande kidogo kwa uma ukoroge. Papai pia, embe likiwa msimu. Tunda lenyewe, si juisi. Ila siku ya kwanza mpe yogati peke yake, akipata vipele ujue ni nini kimemletea, na baadaye siku nyingine mpe yenye tunda nyingine mpe tupu, asizoee kwamba lazima iwe na utamu.

Dereva_Malaba

Bibi Bombo, ile habari ya meno nimempelekea mke wangu, binti yetu anakunywa chupa ya usiku. Musawo, tunaikatisha vipi bila kulia usiku kucha? Ana mwaka na miezi miwili.

Musawo_Kasese

Kaka, punguza sukari kidogo kila siku mbili tatu mpaka iishe, halafu punguza maziwa yenyewe ubakishe maji matupu ndani ya hiyo chupa. Maziwa yahamie kwenye kikombe wakati wa chakula cha jioni, apigwe mswaki baada ya hapo, na usiku akiamka apewe maji ama anyonye kama mama bado ananyonyesha. Siku za kwanza atalia, mpokezane na mama yake kumbeba.